Kansas City na Alex Smith: timu inayoshinda ifanye nini na kwotabeki wa kuridhisha?

Usiku wa drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, pale timu zinapochagua chipukizi wa vyuoni, tarehe 27 Aprili 2017, Kansas City Chiefs walikuwa na kila sababu ya kutulia. Msimu uliokuwa umeisha walishinda mechi 12 kati ya 16 na kuongoza kundi lao la AFC West. Kocha Andy Reid aliikuta timu iliyoshinda mechi 2 tu mwaka 2012, akaifikisha kwenye mtoano mara tatu katika misimu minne. Kwotabeki wao, yaani mpiga pasi anayeongoza mashambulizi, Alex Smith, alikuwa mzima wa afya, mkataba wake ulifika hadi 2018, na alikuwa mmoja wa wachezaji wachache katika ligi wasiogawa mpira ovyo kwa wapinzani. Hata hivyo usiku huo Chiefs walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili wampate kijana wa Texas Tech, Patrick Mahomes, ambaye timu ya chuo chake ilikuwa imetoka kushinda mara 5 na kufungwa mara 7.

Kwa kuwa tunajua kilichofuata, kisa hiki husimuliwa siku hizi kana kwamba jibu lilikuwa wazi. Halikuwa wazi. Ndiyo sababu nakiona kuwa kipimo kizuri cha swali linalozisumbua timu za NFL kila mwaka: ukiwa na kwotabeki anayekupa ushindi wa kutosha lakini hakuvushi pale penye ugumu, umbakize au umtafutie mrithi?

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani, mambo mawili yanatosha. Ligi ina timu 32, haina kushuka daraja, na kila mwaka timu dhaifu ndiyo inayotangulia kuchagua chipukizi wanaotoka vyuoni. Anayeshinda sana huchagua mwishoni, wakati wale wanaotajwa sana wameshaondoka. Jambo la pili ni kikomo cha mishahara. Mwaka 2017 kilikuwa dola milioni 167 kwa timu nzima, na kwotabeki ndiye anayemega kipande kikubwa zaidi. Hapo ndipo mtego ulipo. Timu yenye kwotabeki wa kuridhisha inashinda kiasi cha kutopata nafasi ya juu kwenye drafti, na inamlipa fedha ambazo zingeimarisha nafasi nyingine. Inaweza kukaa hivyo miaka kumi, kila mwaka ikifika mtoano na kutoka mapema, na hakuna hata siku moja ambayo mambo yanaharibika kiasi cha kumlazimisha mtu abadilishe kitu.

Smith hakuwa mchezaji wa kubezwa. San Francisco 49ers walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2005, wakamwacha Aaron Rodgers akasubiri hadi nafasi ya 24, na kwa miaka mingi mashabiki hawakumsamehe kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alipokuja kocha Jim Harbaugh mwaka 2011 timu ilishinda mechi 13, na Januari 2012 Smith aliilaza New Orleans Saints 36-32 kwa pasi kwa Vernon Davis zikiwa zimebaki sekunde 9. Msimu uliofuata aliumia kichwa mwezi Novemba, Colin Kaepernick akaingia, na Smith hakurudishiwa nafasi yake ingawa alikuwa anacheza vizuri. Kwa hiyo swali tunalolijadili lilikwisha kumkuta. Kaepernick aliifikisha 49ers kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na Baltimore Ravens 34-31.

Chiefs walimnunua mwaka 2013 kwa gharama iliyofikia nafasi mbili za raundi ya pili. Na hapa historia ya klabu ina uzito wake. Mara ya mwisho Kansas City kumchagua kwotabeki katika raundi ya kwanza ilikuwa 1983, walipomchukua Todd Blackledge nafasi ya 7 na kuwaruka Jim Kelly na Dan Marino, ambao wote wawili waliishia kwenye ukumbi wa magwiji. Tangu hapo klabu iliogopa. Ilizoea kuchukua watu waliokwisha kukomaa kwingine: Joe Montana mwaka 1993, kisha Steve Bono, kisha Elvis Grbac, na Smith baada yao, wote wanne wakitokea 49ers. Haukuwa utaratibu wa kijinga. Uliipa timu heshima. Lakini kutoka Januari 1994, enzi za Montana, hadi Januari 2016 haikushinda mechi hata moja ya mtoano, na Super Bowl yake ya mwisho ilikuwa ya Januari 1970.

Katika misimu mitano ya Smith, Chiefs walishinda mechi 50 na kupoteza 26 alizoanza yeye kwenye msimu wa kawaida. Alipiga pasi 102 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, na wapinzani walimnasa pasi 33 tu. Kwenye mtoano alishinda 1 na kupoteza 4.

Hesabu ya moja kwa nne inaweza kumwonea mtu, kwa hiyo tuifungue. Ya kwanza, Januari 2014 dhidi ya Indianapolis Colts, Chiefs waliongoza 38-10 kipindi cha tatu wakafungwa 45-44. Smith alipiga pasi za yadi 378 na tachidauni 4, bila kunaswa pasi hata moja. Atakayemtupia lawama za siku hiyo hakuitazama mechi, ulinzi uliporomoka. Ninachokiona kinasema zaidi ni kitu kidogo cha msimu uliofuata, ambacho wengi walikichukulia kama kichekesho cha takwimu: mwaka 2014 hakuna mpokeaji wa pembeni hata mmoja wa Chiefs aliyepata tachidauni kwa pasi. Msimu mzima, mechi 16. Wapokeaji wa kiwango cha juu hawakuwapo, kweli. Ila kulikuwa pia na kwotabeki aliyependa pasi fupi, ya uhakika, na timu nzima ikapangwa kulingana na woga huo wenye busara.

Mechi ninayotaka tukae nayo ni ya Januari 15, 2017, nyumbani Arrowhead, dhidi ya Pittsburgh Steelers. Dhoruba ya barafu ilisogeza mechi kutoka mchana hadi usiku, na huku Afrika Mashariki ilianza saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Steelers hawakupata tachidauni hata moja. Mkimbiaji wao, Le'Veon Bell, alikwenda yadi 170, lakini kila walipokaribia walizuiwa, na pointi zao zote 18 zilitoka kwa mpigaji Chris Boswell, mikwaju sita ya pointi tatu. Kumzuia mpinzani asivuke mstari usiku mzima, ukiwa kwako, baada ya wiki ya mapumziko, ndiyo zawadi kubwa ambayo ulinzi unaweza kumpa kwotabeki.

Zikiwa zimebaki kama dakika mbili na robo tatu hivi, Spencer Ware alivuka mstari, ikawa 18-16. Chiefs wakajaribu pointi mbili za ziada baada ya tachidauni ili wasawazishe. Smith akampata Demetrius Harris, uwanja ukalipuka, kisha kikaonekana kitambaa cha njano cha mwamuzi, ishara ya kosa: Eric Fisher alikuwa amemshika James Harrison, mkongwe wa miaka 38 aliyekuwa akimpita kuelekea kwa Smith. Wakarudishwa nyuma yadi 10, jaribio la pili likaanzia mbali, pasi kwa Jeremy Maclin ikaanguka. Steelers wakashikilia mpira mpaka muda ukaisha.

Waliomtetea Smith walisema mechi iliamuliwa na kosa la Fisher, na kwa dakika ile ni kweli. Mimi nauliza ilikuwaje timu ihitaji jaribio hilo. Smith alimaliza na yadi 172. Chiefs walipata tachidauni mapema kabisa kwa pasi yake kwa Albert Wilson, halafu karibu mechi nzima ikapita bila wao kumwadhibu mpinzani aliyekuwa akikosa pale pale. Hilo ndilo kwotabeki wa kuridhisha hukupa Januari: hakuharibii. Na wapinzani wa Januari hawakupi ushindi kwa sababu tu hukuharibu.

Miezi mitatu baadaye uamuzi ukafanyika. Wakati huo meneja mkuu alikuwa John Dorsey, na ndani ya idara yake Brett Veach alikuwa amempigia debe Mahomes kwa Reid kwa muda mrefu. Chiefs walikuwa nafasi ya 27. Walibadilishana na Buffalo Bills ili wapande hadi ya 10, wakatoa ile ya 27, ya 91, na ya raundi ya kwanza ya 2018.

Kwa nini Mahomes alikuwapo bado? Kwa sababu alitisha kwa namna zote mbili. Oktoba 2016 dhidi ya Oklahoma alipiga pasi za yadi 734 katika mechi moja, na timu yake ikafungwa 66-59. Aliyetaka kuona kipaji alikiona. Aliyetaka kuona mchezaji wa vurugu, asiyefuata utaratibu wa miguu, aliyelelewa katika mfumo wa pasi nyingi ambao ulikuwa haujatoa kwotabeki wa kutegemewa katika NFL, naye aliona. Chicago Bears walipanda nafasi moja, kutoka ya 3 hadi ya 2, wakamchukua Mitchell Trubisky.

Buffalo wanastahili kutazamwa kwa makini, maana watu huwasahau katika simulizi hii. Kocha wao mpya, Sean McDermott, aliwahi kufanya kazi chini ya Reid huko Philadelphia. Na wao pia walikuwa na kwotabeki wa kuridhisha, Tyrod Taylor, mwangalifu wa mpira, mwepesi wa miguu, asiyetisha mtu kwa pasi ndefu. Walikuwa kwenye nafasi ya 10 wenyewe! Wakaiuza. Msimu huo Taylor aliwafikisha kwenye mtoano baada ya ukame wa miaka 17, wakafungwa na Jacksonville Jaguars 10-3 bila kupata tachidauni. Ndipo wakamwachia aende Cleveland na mwaka 2018 wakamchagua Josh Allen. Walifika hitimisho lile lile la Kansas City, ila mwaka mmoja baadaye, na tangu hapo Allen amekutana na Mahomes kwenye mtoano mara nne akafungwa zote nne.

Msimu wa 2017 ulifanya jambo ambalo naona ndilo gumu zaidi katika kisa chote. Smith alicheza kuliko alivyowahi kucheza. Mechi ya ufunguzi aliwanyuka New England Patriots 42-27 kwao, yadi 368 na tachidauni 4. Timu ikaanza kwa ushindi mara tano mfululizo. Alimaliza na yadi 4,042, tachidauni 26, pasi 5 tu zilizonaswa, na kiwango cha upigaji pasi cha 104.7, cha kwanza katika ligi nzima. Ghafla alikuwa anatupa pasi ndefu kwa Tyreek Hill kama mtu aliyefunguliwa kamba. Pamoja na hayo, alimkaribisha Mahomes kwenye maandalizi yake yote ya wiki, akamwonyesha jinsi ya kusoma ulinzi na kupanga siku zake, na Mahomes amemshukuru hadharani mara nyingi. Nasema kwa moyo wote kwamba mwenendo huo ni wa heshima kubwa. Mtu anayefundisha atakayemrithi, huku yeye mwenyewe akiwa kileleni, hana wengi wa kufanana naye katika mchezo huu.

Fikiria sasa uko kwenye kiti cha Veach, aliyekuwa ameshakuwa meneja mkuu baada ya Dorsey kuondolewa Juni 2017. Umempandia kijana kwa bei kubwa, na yule uliyetaka kumbadilisha ameongoza ligi. Vishawishi vya kumbakiza vilikuwa vingi, na timu nyingi zingesema kwotabeki wetu amebadilika. Kisha ikaja Januari 6, 2018. Chiefs waliongoza Tennessee Titans 21-3 hadi mapumziko. Kipindi cha pili hawakupata pointi hata moja. Marcus Mariota alipiga pasi ikagongwa na mlinzi, akaidaka mwenyewe na kuvuka mstari, na Titans wakashinda 22-21. Travis Kelce alikuwa ametolewa kwa kuumia kichwa, na hilo lilichangia sana; simlaumu Smith peke yake. Lakini mtu ambaye kwa miezi minne alionekana kuwa mwingine, mwezi ulipofika Januari timu yake ilikwama vile vile.

Kabla ya mwezi kuisha Chiefs walikubaliana kumpeleka Washington kwa mlinzi Kendall Fuller na nafasi ya raundi ya tatu. Walimuuza siku thamani yake ilipokuwa juu kabisa. Washington wakampa mkataba mpya wa dola milioni 94 kwa miaka minne, 71 kati ya hizo zikiwa za uhakika. Kwangu mimi hapo ndipo kosa la kuridhika linapokaa hasa. Kumchezesha kwotabeki wa kuridhisha hakuna ubaya. Kumlipa kama nyota, kwa miaka minne, akiwa na miaka 33, ni kuifunga timu. Novemba 18, 2018 alivunjika mguu vibaya dhidi ya Houston Texans, maambukizi yakaingia, akafanyiwa upasuaji mara 17 na nusura mguu ukatwe. Alirudi uwanjani Oktoba 2020. Ajali hiyo haiwezi kutumiwa kuthibitisha hoja yoyote, na siitumii. Mkataba ulikuwa mbaya kwa Washington hata angebaki mzima, kwa sababu ulinunua msimu wa 2017 kwa bei ya kudhani utajirudia.

Kansas City, kwa upande wao, walikuwa sasa na kwotabeki wa mkataba wa chipukizi, jumla ya kama dola milioni 16 kwa miaka minne. Fedha ilipatikana ya kumleta Sammy Watkins. Mahomes mwaka 2018 alipiga yadi 5,097 na tachidauni 50, akatawazwa mchezaji bora wa ligi. Kitu kimoja cha msimu ule kinanisaidia zaidi ya tuzo: ulinzi wa Chiefs uliruhusu pointi 421, ukiwa miongoni mwa ulinzi mbovu wa ligi, na bado timu ilishinda mechi 12 na kufika fainali ya AFC, nusu ya ligi waliyomo. Ulinzi wa Januari 2017 ulimpa Smith mechi isiyo na tachidauni ya mpinzani na hakutosha. Ulinzi wa 2018 haukumpa Mahomes chochote, na alikosa Super Bowl kwa tachidauni moja ya muda wa nyongeza, 37-31 dhidi ya Patriots. Mwaka uliofuata alilichukua taji, 31-20 dhidi ya 49ers.

Wanaopinga hoja hii hawakosi ushahidi, na wa nguvu kuliko wote ni Baltimore Ravens wa 2000. Trent Dilfer alikuwa kwotabeki wa kuridhisha, pengine chini ya hapo. Oktoba mwaka ule Ravens walicheza mechi tano bila tachidauni. Lakini ulinzi wao uliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, rekodi kwa ratiba ya urefu huo, na Januari 2001 wakaichapa New York Giants 34-7 kwenye Super Bowl. Wakamwacha Dilfer, wakamchukua Elvis Grbac kutoka Kansas City ili waboreshe, na Grbac akadumu msimu mmoja tu kabla ya kustaafu. Ravens hawakuridhika na hawakupata faida. Ukisoma kwa makini lakini, walibadilisha kwotabeki wa kuridhisha kwa kwotabeki mwingine wa kuridhisha, ghali zaidi. Hiyo siyo kupanda ngazi.

Mfano unaonipa shida zaidi ni wa 49ers wa 2021. Walikuwa na Jimmy Garoppolo, aliyewafikisha kwenye ile Super Bowl ya Februari 2020 waliyofungwa na Mahomes. Wakafanya kama Chiefs: walimbakiza, wakapanda hadi nafasi ya 3 kumchukua Trey Lance akae nyuma yake. Lance hakufaulu. Waliokolewa na Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262 na wa mwisho kabisa mwaka 2022. Na Bears nao, kwa ujasiri ule ule wa usiku ule ule wa 2017, walipata Trubisky. Kwa hiyo yeyote anayesema "thubutu tu, utapata Mahomes" anahubiri bahati.

Hata hivyo tofauti ya bei haipaswi kupuuzwa. 49ers walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na ya raundi ya tatu kwa Lance. Chiefs walitoa mbili za raundi ya kwanza, na zote zilikuwa za chini kwa sababu walikuwa wanashinda: ya 27, na ile ya 2018 ambayo iliishia kuwa ya 22. Nani aliyewapa ushindi uliozishusha thamani nafasi hizo? Smith. Alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuishikilia timu isianguke na kuifanya bei ya mrithi wake iwe nafuu, na hili ndilo linalonifanya nikatae kumwita mtu wa kuvukwa tu. Timu iliyombomoa kwotabeki wake wa kuridhisha kwanza, ikapoteza makusudi ili ichague juu, isingekuwa na Kelce na Hill tayari, wala mwaka mzima wa kumsubirisha kijana bila presha; Mahomes alianza mechi moja tu mwaka 2017, ya mwisho, huko Denver, wakati nafasi ya mtoano ilikuwa imeshapatikana.

Tuseme basi Mahomes angeshindwa kama Lance. Chiefs wangekuwa wamepoteza wachezaji wawili wa nafasi ya 22 na ya 91, na yule wa 27 wangekuwa wamempata ila wa aina isiyofaa. Smith angekuwa bado na mkataba wa 2018. Wangecheza Januari nyingine wakitafuta tena, wakiwa na mechi zao 10 au 11 za ushindi. Hasara ya aina hiyo timu nzuri inaweza kuibeba. Hasara ya kukaa na Smith miaka minne zaidi kwa mkataba kama ule wa dola milioni 94, ulinzi ukizeeka na Kelce akipita miaka yake bora, ndiyo ambayo Kansas City walikataa kuibeba, na walikuwa sahihi kuikataa usiku ule kabla hawajajua kitu chochote kuhusu tachidauni 50.